Saa Niliyoifunga Kwenye Kitenge

Katika soko letu la Kalemie, mtu akitaka kujua kama kitenge chake ni waksi ya kweli au ni takataka iliyopakwa rangi, analetwa kwenye meza yangu. Naikunja pembe ya nguo, naisugua kwa kidole gumba, naigeuza nione kama rangi imepenya upande wa pili, kisha nainusa. Waksi ya kweli ina harufu yake, na ikikunjwa ina namna yake ya kulia. Wanawake wa Moba na Kabalo wamefunga safari ili tu mimi nishike kitambaa chao na kuwaambia ndiyo au hapana. Mtu atasema najisifu. Ndiyo, najisifu, na haki hiyo nimeitafuta kwa miaka mingi ya jua na vumbi.

Sasa mimi huyo huyo, katika miaka ya vita, nilitembea na saa feki mkononi mchana kweupe, mbele ya wateja wangu na mbele ya wasionipenda, na nilijua kwamba ni feki tangu nilipoishika mara ya kwanza. Katika mambo yote niliyoyafanya maishani, hilo ndilo ninalojivunia kuliko mengine. Nitaeleza kwa nini.

Lazima nianze na saa nyingine, ile ya baba yetu. Baba alikuwa mfanyabiashara wa ziwani kama baba yake: alipeleka unga na dagaa Kigoma, akarudi na chumvi, sabuni na vitambaa. Mwaka mmoja biashara ilipomnyookea alirudi na saa ya Uswisi, ya chuma, nzito. Haikuwa na betri wala haikutiwa ufunguo. Ilijijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono. Sisi watoto tuliamini kwamba saa ile inakula nguvu za mkono wa baba, na kaka yangu alinitisha kwamba nikiivaa itakula na za kwangu.

Baba alipokwenda kutawadha siku ya Ijumaa, aliivua akanipa mimi niishike. Hakumpa kaka, ingawa kaka ndiye mkubwa, kwa sababu kaka alikuwa na mikono ya kuangusha vitu. Nilikaa kizingitini nimeibana sikioni. Mlio wake ulikuwa mwembamba, unakwenda mbio bila kupumua, na mshale wa sekunde ulizunguka kwa kuteleza, hauruki hata kidogo. Juu ya tarehe palikuwa na kijicho cha kioo kilichoikuza namba, baba akaisoma bila miwani. Kaka alichutama karibu yangu akingoja zamu ya kusikiliza. Nilimpa kidogo tu, kwa kuringa, kisha nikairudisha sikioni mwangu.

Baba alipofariki saa ilikwenda kwa kaka, na ilistahili kwenda kwake. Kisha vikaja vita vya kwanza. Kaka alisimamishwa kwenye barieri, kizuizi cha askari, karibu na daraja la Lukuga, na askari mmoja akamwambia kwa upole kabisa, "Papa, nipe niangalie ni saa ngapi." Kaka akaivua, akampa. Askari akaangalia ni saa ngapi, akaivaa, akamwambia apite. Tangu siku hiyo, kwa miaka yote, ukimwuliza kaka saa alikuwa anainua mkono wa kushoto, anautazama ulivyo mtupu, halafu anakujibu kwa kukisia.

Vita havikuisha, vilibadilisha sura tu. Vikaja vile vilivyowamwaga watu kutoka Nyunzu, kutoka Manono, kutoka milimani, mpaka Katanika, nje ya mji wetu, ikajaa vibanda vya matawi na maturubai. Kati ya waliokuja alikuwa kijana mmoja wa Pepa. Kwao walikuwa wafugaji. Watu wenye bunduki waliwachukua ng'ombe wote, na yeye akakimbia na ngozi moja tu, ile aliyokuwa ameilalia. Alijua kushona ngozi. Hapo Katanika alianza kutengeneza sandali na mikanda, akawa anapita mjini na baiskeli kuuza, na Ijumaa alisali nasi kwenye mstari wa nyuma wa msikiti. Ndipo binti ya kaka yangu alipomwona, au yeye alipomwona binti. Mpaka leo kila mmoja anadai kwamba mwenzake ndiye aliyeanza kutazama.

Binti huyo nilimlea mimi. Mama yake alifariki akiwa bado hajui kusema vizuri, na kaka akamleta kwangu amebebwa begani. Kwa hiyo mtu asinieleze habari za uchungu wa mtoto kwamba siujui.

Kaka hakumkataa yule kijana. Kaka ni mtu wa haki, ila ana kichwa kigumu, na neno akilisema mbele ya watu halirudi tena mdomoni. Wazee wa kijana walipokuja kuulizia mahari, sisi wanawake tulikuwa nyuma ya pazia, na nilimsikia kila neno.

"Ngombe siombi," alisema. "Huyu mutoto hana ngombe tena, na mi siko muntu wa kumucheka. Naomba saa moja. Saa ya Uswisi, hata ikuwe ya okazyo, muntu alishaivaa, hata ikuwe ya zamani, sawa ile ya baba yangu. Lakini ikuwe ya kweli. Akiniletea feki nitajua yeye ni muntu wa namna gani, na mulango wangu umefungwa."

Nusura nitoke nyuma ya pazia nimtikise. Saa ya Uswisi, kutoka kwa mtu anayelala chini ya turubai! Lakini nilimwelewa, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Hakuwa na tamaa ya mali. Alikuwa amedanganywa mara moja kwa maneno matamu, akapoteza kitu cha baba yake, na sasa alitaka mtu mmoja tu duniani amletee kitu cha kweli mkononi.

Kijana alitafuta. Wakati huo kila mwenye simu alikuwa ndani ya vikundi vya WhatsApp vya kuuza na kununua. Watu waliokuwa wanahama waliuza friji, vitanda, hata milango. Katika kikundi kimoja akaona picha ya saa, na muuzaji aliyekuwa mbali, ng'ambo ya ziwa, akaandika kwamba ilikuwa ya mhandisi mmoja mzungu aliyerudi kwao. Akatuma picha ya mbele, picha ya nyuma, picha ya kisanduku. Kijana akauza baiskeli yake. Saa ikaja na boti, imefungwa ndani ya soksi, kisanduku hakikuonekana.

Habari hizo binti alininong'oneza, lakini saa yenyewe sikuonyeshwa. Kwetu upande wa mwanamke hauoni vitu kabla ya siku yenyewe. Tulichoona ni kwamba mchumba wa binti yetu sasa anakuja mjini kwa miguu kutoka Katanika, mzigo wa sandali kichwani, na anatabasamu peke yake njiani.

Hapa lazima niseme desturi ya ukoo wetu, maana kila kitu kimesimama juu yake. Siku ya mahari vitu huletwa kwenye sinia, vimefunikwa. Anayevipokea kwanza si baba, ni shangazi wa bibi-arusi. Anakishika kila kimoja, anakiinua watu wakione, anakisifia, ndipo anakipeleka kwa baba. Kwa kazi hiyo ana haki yake: anaweza kunyakua kitu kimoja, chochote, akakifunga kwenye pembe ya kitenge chake. Kilichofungwa humo hakiombwi tena, si na baba wala na mkwe, na hakidaiwi kingine badala yake. Kinahesabiwa kuwa kimefika. Na shangazi lazima akitumie hadharani, wakwe waone kwamba zawadi yao imependwa. Mashangazi wenye adabu huchukua kitu kidogo, kipande cha sabuni au majani ya chai, watu wanacheka, mambo yanaendelea. Mimi nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba nitachukua sukari.

Siku ilifika. Uwanja wa kaka ulijaa: watu wa mtaa wetu upande mmoja, watu wa Katanika upande mwingine, wamevaa nguo zao safi. Kaka alikaa katikati na kanzu yake nyeupe. Alikuwa amekunja mkono mmoja wa kanzu, wa kushoto tu.

Baba mdogo wa kijana ndiye aliyesema kwa niaba yao. Vikapita vitenge, ikapita chumvi, ikapita sukari, nikavisifia vyote kama kawaida yangu. Mwishoni akaleta sinia dogo.

"Hii saa ilifika na mukaba wa chuma umevunjika," alisema. "Mutoto akaiwekea mukaba wa ngozi. Ngozi yenyewe njo ile alikimbia nayo, ya ngombe yao ya mwisho. Ameishonea papo hapo juu ya saa. Huu mukaba hautoke mupaka uukate."

Nikafunua. Mkanda ulikuwa mzuri, sina budi kusema hivyo kwanza. Ngozi ya kahawia, laini, kingo zake zimesuguliwa, na mshono wa uzi mwekundu, mdogo na uliobanana, umezunguka pande zote mbili za saa bila kupinda. Nilijua mkono wa aina gani unashona hivyo.

Kisha nikaitazama saa. Ilikuwa nyepesi. Nikasema moyoni labda ni kwa sababu haina chuma cha mkanda. Nikautazama mshale wa sekunde, nikaungoja uteleze. Ukaruka. Nikaungoja tena, ukaruka tena. Kijicho cha kioo kilikuwapo juu ya tarehe, lakini chini yake namba ilikuwa ndogo vilevile kama bila kioo. Nikagusa kifungo cha pembeni kwa ukucha, kikazunguka ovyo kama kifuniko cha chupa. Nilikuwa nimeishika saa ya baba Ijumaa nyingi za utoto wangu, na mtu wa pili duniani aliyeijua hivyo alikuwa ameketi hatua chache mbele yangu, mkono wa kanzu umekunjwa.

Niliinua macho kumtafuta kijana. Alisimama nyuma ya wazee wake na shati la kuazima, miguu ina vumbi la njia ya Katanika. Hakunitazama mimi. Alikuwa anautazama mkono wa kaka ulio mtupu, na uso wake ulijaa furaha ya mtu aliyemtafutia mwenzake kitu alichokikosa siku nyingi. Mwongo hatazami hivyo. Nilimlaani muuzaji yule wa ng'ambo kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na sijawahi kuyafuta.

Ningefanya nini? Ningempelekea kaka, angeiweka sikioni, na neno lake lilikuwa limekwisha kusemwa mbele ya watu hao hao. Kijana angeitwa mwongo mbele ya Kalemie nzima na Katanika nzima. Binti yangu alikuwa ndani, hina haijakauka mikononi mwake. Watu walianza kushangaa kwa nini nimenyamaza, kwa kuwa mimi si mtu wa kunyamaza.

Nikapiga kigelegele kimoja kirefu mpaka watoto wakaziba masikio. "Hii ya kwangu!" nikasema. Nikaitia kwenye pembe ya kitenge, nikafunga fundo, nikalikaza kwa meno.

Kwanza watu walicheka, wakidhani natania. Kisha wakamgeukia kaka. Kaka alinitazama.

"Mudogo wangu," alisema, "kamata sukari. Kamata na vitenge vyote."

"Nimefunga, Kaka."

"Mudogo wangu."

"Nimefunga."

Aliinamisha kichwa, akaukunjua mkono wa kanzu yake taratibu mpaka ukafika kwenye kiganja. Mambo mengine ya siku hiyo siyakumbuki vizuri. Dua ilisomwa, binti yangu akaolewa.

Nikaanza kuivaa, kwa sababu desturi ilinitaka niivae. Mkanda ulikuwa umepimwa kwa mkono mwembamba wa kaka, na mimi, alhamdulilahi, ni mtu wa kushiba. Kijana alikuja mwenyewe na sindano yake kuniongezea tundu. Alikuwa amenisamehe wizi wangu mapema kuliko wote.

"Shangazi, iko natembea muzuri?" aliniuliza.

"Kunipita mimi," nikamjibu, naye akacheka mpaka akajichoma kidole.

Sokoni hawakunisamehe. Wenzangu wa meza za jirani walisema nimemnyang'anya kaka yangu wa tumbo moja kitu alichokililia, na walisema kwa sauti ya kutosha nisikie. Hiyo niliivumilia. Lililonichoma ni wale wachache waliojua saa. Mteja mmoja kutoka Lubumbashi alikuwa ananisikiliza nikimfundisha kutambua waksi ya uongo, akaona mkono wangu, akatabasamu kidogo, akaiweka nguo chini. Nilitaka kumfuata mpaka barabarani nimwambie najua, bwana, najua kuliko wewe. Badala yake niliupandisha mkono juu zaidi nikarekebisha kilemba, aione vizuri.

Halafu betri ikaisha. Saa ya namna ile ya baba haifi namna hiyo, kwa hiyo sikuweza kumpelekea fundi wa sokoni, angetangaza. Nikakaa nayo imekufa mkononi. Watu wakiniuliza saa, naitazama kwa heshima zote, natupa jicho kwenye kivuli cha paa, nataja. Nilikosea mara chache sana. Baadaye nilivuka daraja nikamtafuta fundi nisiyemjua, nikamwambia ni ya jirani yangu.

Hayo yote ni ya kuchekesha. Moja halikunichekesha. Alasiri moja kaka alikuja mezani kwangu. Tangu arusi alikuwa anapita njia ya upande wa pili, uso ameugeuzia maduka ya chumvi. Siku hiyo alikuja moja kwa moja, akasimama, akachezea pembe ya kitambaa.

"Mudogo wangu," alisema, "siiombi. Nipe niisikilize tu. Kidogo tu, sawa vile ulikuwa unanipa."

Nilimwambia nina wateja. Hapakuwa na mteja hata mmoja. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, akaenda zake, nami nikainama chini ya meza nikijifanya natafuta mkasi mpaka macho yangu yalipokauka.

Mungu akawapa wale watoto mtoto wa kiume. Siku ya akika, aliponyolewa nywele, tulikusanyika uwanjani kwa kaka kama siku ile ya mahari, karibu watu walewale. Kaka alinialika kwa sababu ya binti, si kwa sababu yangu. Binamu yetu wa Kigoma alikuwa amevuka ziwa kwa ajili ya shughuli. Ni mtu mwema, mwenye sauti kubwa, na kazi yake ni kuuza redio na saa.

Nilikuwa napitisha sinia la pilau. Mkono wangu ulipofika mbele yake akaudaka.

"Dada, hebu subiri! Hii si ile saa ya mahari tuliyoisikia mpaka Kigoma? Mbona feki? Tazama mshale unavyoruka. Mtu wa macho kama yako, nani kakufanyia hivi?"

Hakuwa na ubaya, alifikiri ananitetea. Lakini uwanja mzima ulimsikia. Mkwe wetu alikuwa ananawisha watu mikono. Birika lilikuwa limeinama, na maji yaliendelea kumwagika chini, yeye hayaoni. Alikuwa anaitazama saa. Nikaona rangi ya uso wake inabadilika, nikaona anaanza kuelewa, na wazee wake wa Katanika wanaanza kutazamana.

Nikasema jambo la kwanza lililonijia.

"Ile ya kweli niliuza," nikasema kwa nguvu, wote wasikie. "Hii nilinunua kwa simu, juu ya kufunika mukono, musijue. Basi, sasa munajua."

Wanawake walipiga ukelele mdogo wa kuchukizwa. Binti yangu, mtoto wake kifuani, alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni. Niliyavumilia macho yote, ila hayo yalinipata. Hata hivyo niliona mabega ya mkwe wetu yanashuka, nikajua yuko salama, nikasimama wima na sinia langu. Waniite mwizi. Sura yangu imezoea kutazamwa.

Kaka aliinuka. Alikuja mpaka mbele yangu, akanipokonya sinia, akampa mtu. Akashika kiganja changu. Nilidhani atanipiga, na ningemwelewa. Badala yake alipitisha kidole gumba juu ya mkanda, polepole, akifuata ule uzi mwekundu upande mmoja wa saa, halafu upande wa pili. Akaugeuza mkono wangu, akafuata tena.

Katika hofu yangu nilikuwa nimeusahau mshono.

"Huu mukaba," alisema, bila kupaza sauti, "tuliambiwa hautoke mupaka uukate. Na hakuna muntu ameukata."

Akaufungua mkononi mwangu. Akaiinua saa ile mpaka sikioni, akafumba macho, akasikiliza. Ilikuwa inapiga tik, tik, nilijua, mlio kama wa saa ya ukutani ya jirani. Alisikiliza kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumruhusu tulipokuwa wadogo. Kisha akakunja mkono wa kushoto wa kanzu na kuivaa. Akaliruka tundu langu la mtu aliyeshiba, akaenda kwenye tundu la kwanza, lile alilotobolewa yeye. Likamkaa sawasawa.

"Unasema mushale unaruka," alimwambia binamu. "Uruke. Iko natembea." Akawageukia watu. "Dada yangu hakuuza kitu. Mukwe wangu aliniletea saa, dada yangu akaniwekea. Leo njo nimeipokea."

Birika lilianguka. Mkwe wetu alikuwa amesimama na mikono mitupu. "Papa, mi sikujua," alisema. "Haki ya Mungu, Papa, mi sikujua."

"Najua," kaka akamjibu. "Nilisema nitajua we ni muntu wa namna gani. Nimejua. Okota birika, watu wanawe, wakule."

Nililia. Sikulia kwa adabu, nililia kwa sauti, mimi ninayewakemea wateja wanaolia kwa ajili ya kitenge kilichochuja rangi. Kaka alinishika begani kwa mkono ule wenye saa, na karibu na sikio langu ilikuwa inaruka, tik, tik, na siku hiyo niliona ni mlio mzuri. Tangu hapo hakuivua ila kutawadha. Akiulizwa saa anainua mkono wa kushoto, anaitazama, anataja. Mara nyingi anakosea, kwa sababu saa yenyewe inachelewa, na hakuna mtu katika mtaa wetu anayethubutu kumsahihisha.

Lakini siku ile, nilipokwisha kupangusa uso, nilikumbuka kwamba mimi ni shangazi, na shangazi ana haki yake.

"Kaka," nikasema, "kitu changu umekikamata mbele ya watu. Sasa mi niko na mikono mitupu."

"Sema unataka nini."

Nilikwenda kwa binti yangu. Alikuwa analia na kucheka, na hakubishana. Nikamchukua yule mtoto aliyenyolewa, kichwa chake bado kina harufu ya mafuta, nikamweka mgongoni, nikamzungushia kitenge changu cha waksi ya kweli, nikakaza fundo kifuani. Kaka alinyoosha mikono kumwomba mjukuu wake, huku watu wakianza kucheka.

"Nimefunga, Kaka," nikamwambia.